Kutoka Mtoro hadi Marehemu: Lugha na Hatima ya Askari Aliyepotea Vitani



Mada niliyoichagua huenda ikaonekana kuwa ni ya mwanahistoria au ya mwanasheria kuliko ya mwanaisimu. Nitajaribu kuonyesha kwamba kiini chake ni suala la lugha, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wao mahususi katika suala hilo.

1. Utangulizi

Katika kila vita wapo askari wasioonekana tena. Hawakurudi na wenzao, hawakuletwa hospitalini, wala maiti zao hazikupatikana. Karani wa kikosi hana budi kuandika neno fulani mbele ya jina la mtu huyo. Anaweza kuandika kwamba ameuawa, ametekwa, amepotea au ametoroka. Mara nyingi hana ushahidi wa lolote kati ya hayo. Alicho nacho ni kutokuwapo kwa mtu, basi. Hata hivyo neno atakaloliandika litaamua iwapo mjane atapewa haki zake, iwapo watoto watajivuna au watainamisha vichwa, na iwapo jina la mtu huyo litachongwa kwenye jiwe au litafutwa.

Hutokea pia kwamba baada ya miaka mingi ardhi hutoa ushahidi wake. Mifupa hupatikana, na mtu aliyeitwa mtoro hubainika kuwa alifia palepale alipotakiwa kuwa. Swali linaloongoza mhadhara huu ni hili: neno "mtoro" hufanya kazi gani katika muda huo wote wa kati, nalo hutanguka vipi? Nitaanza na kisa kimoja cha Ulaya ambacho ushahidi wake ni bayana, kisha nitachanganua msamiati wetu wenyewe, na hatimaye nitarejea Afrika Mashariki, ambako mifupa mingi haijapata kutafutwa.

2. Kisa cha Jenerali Kachalov

Mwezi Julai 1941, mwezi mmoja baada ya Ujerumani kuuvamia Umoja wa Kisovieti, Luteni Jenerali Vladimir Kachalov, aliyekuwa kamanda wa Jeshi la 28, aliamriwa kushambulia kutoka upande wa Roslavl kuelekea Smolensk. Mwanzoni mwa Agosti majeshi yake yalizingirwa. Tarehe 4 Agosti 1941, katika jaribio la kuupenya mzingo huo, aliuawa kwa kombora karibu na kijiji cha Starinka akiwa ndani ya kifaru. Wanakijiji wa hapo walimzika pamoja na wenzake katika kaburi la pamoja.

Siku 12 baadaye, yaani tarehe 16 Agosti 1941, ilitolewa Amri Na. 270, yenye sahihi ya Stalin na viongozi wenzake wa kijeshi. Amri hiyo ilisomwa mbele ya vikosi. Ilimtaja Kachalov kwa jina kuwa ni mwoga aliyejisalimisha kwa adui, ikadai kuwa wengine waliokuwa naye walipigana hadi wakatoka lakini yeye alichagua utumwa wa kutekwa. Iliagiza vilevile kwamba familia za makamanda waliotoroka zikamatwe, na familia za askari waliojisalimisha zinyimwe msaada wa serikali. Baadaye mahakama ilimhukumu Kachalov kifo bila yeye kuwapo. Hukumu hiyo ilimpata mtu ambaye tayari alikuwa ardhini. Walioweza kuadhibiwa walikuwa hai: mkewe na mama mkwe wake walikamatwa wakapelekwa kambini.

Baada ya vita uchunguzi ulifanywa, ushahidi wa wanakijiji na wa kaburi lenyewe ukazingatiwa, na mwezi Desemba 1953 hukumu ikatenguliwa. Kwa miaka 12 serikali nzima iliamini neno, ilhali wakulima wa kijiji kimoja walijua ukweli. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Walisema pia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisa hiki kinatufundisha kuwa methali hii ya pili yafaa ishikwe kwa tahadhari. Lililosemwa juu ya Kachalov halikuwapo, wala halikuja.

Kachalov alikuwa jenerali, na jina la jenerali hutafutwa. Askari wa kawaida wa jeshi hilohilo walipewa kichupa kidogo cheusi cha ebonaiti chenye karatasi ya kujaza jina na anwani. Wengi hawakuijaza, kwa kuwa waliamini kwamba kuijaza ni kujitabiria kifo. Mwezi Novemba 1942 vichupa hivyo viliondolewa rasmi. Hadi leo vikundi vya kujitolea huchimba misitu na vinamasi vya Urusi, na wapatapo mifupa jambo la kwanza wanalolitafuta ni kichupa hicho. Karatasi ikisomeka, mtu aliyeandikwa kuwa "amepotea bila habari" hurudishiwa jina. Ikiwa tupu, mifupa huzikwa kwa heshima, lakini familia yake itaendelea kukaa na neno lilelile la zamani.

3. Kutoroka na kupotea: uchanganuzi

Tuyatazame sasa maneno tuliyo nayo. Vitenzi "toroka" na "potea" vyote viwili hueleza kutokuwapo kwa mtu mahali anapotarajiwa. Kwa mtazamaji aliyebaki nyuma, matukio haya mawili hayana tofauti: jana mtu alikuwapo, leo hayupo. Tofauti yake imo ndani ya sarufi na maana ya vitenzi vyenyewe.

Kiima cha "toroka" ni mtenda mwenye nia. Ndiyo maana twaweza kusema "alimtoroka bwana wake" au "aliitoroka kambi", tukitaja kilichokimbiwa. Kiima cha "potea" ni mwathiriwa wa hali. Kipimo chepesi ni kuongeza kielezi. "Alipotea kwa bahati mbaya" ni tungo isiyo na kasoro; "alitoroka kwa bahati mbaya" inamshangaza msikilizaji. Kinyume chake, "alitoroka kwa makusudi" inarudia jambo ambalo kitenzi kimekwisha kulisema, ilhali "alipotea kwa makusudi" inageuza maana ya kitenzi na kukifanya kiwe sawa na kujificha. Kwa hiyo karani anapochagua kati ya "ametoroka" na "amepotea" hachagui kati ya habari mbili. Anachagua kuweka au kutoweka nia ndani ya kifua cha mtu asiyeweza kuulizwa.

Hatua ya pili ni kutoka kwenye kitenzi hadi kwenye nomino. Kitenzi hueleza tukio, na tukio lina wakati na mahali. Anayesema "ametoroka" anaweza kuulizwa: lini, kupitia wapi, nani aliyemwona? Nomino "mtoro" haina njeo. Hufunga tukio na kuligeuza kuwa sifa ya kudumu ya mtu, na sifa haiulizwi maswali hayo. Mtu akishaitwa mtoro, mtoto wake huitwa mtoto wa mtoro, na hapo tuhuma imekuwa nasaba.

Hata mnyambuliko wa "potea" hauna usalama kamili. Nomino "mpotevu" imebeba lawama, kama ijulikanavyo kwa wasomaji wa kisa cha mwana mpotevu katika Injili. Jirani yake kwa sauti, "upotovu", ni tabia mbaya waziwazi. Yaani lugha yetu, kama nyingi nyinginezo, huwa na mwelekeo wa kumlaumu asiyekuwapo.

Hata hivyo Kiswahili kina njia ya kusema ukweli bila kuhukumu. Twasema "hajulikani aliko". Kiambishi -ko, tofauti na -po na -mo, hurejelea mahali pasipo dhahiri. Mtu "aliko" ni mtu ambaye tunakiri kuwa yupo mahali fulani tusipopafahamu. Mabaki yake yakipatikana, sarufi yenyewe hubadilika: "aliko" huwa "alipo", na akishazikwa huwa "alimo". Naona kwamba mfumo huu wa viambishi vitatu ni wa haki zaidi kuliko istilahi nyingi za kijeshi, kwa sababu unakadiria ujuzi wa msemaji badala ya kukadiria tabia ya mtajwa.

4. Historia ya neno "mtoro" katika pwani yetu

Neno "mtoro" halikuzaliwa jeshini. Katika kamusi za karne ya 19 maana yake ya msingi ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Nyuma ya miji ya pwani ya Kenya palikuwa na makazi ya watoro, mojawapo likiwa Fuladoyo. Rabai, kwenye misheni, palikimbiliwa na wengi, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watu zaidi ya 1,400, wengi wao watoro, walipewa hati za uhuru hapo baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Neno hilo liliwahi hata kuwa jina la heshima la mtu: mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, aliitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa sehemu za Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin.

Historia hii ina somo. Katika maana yake ya kwanza, mtoro ni mtu aliyetazamwa kutoka upande wa mwenye mali. Kwa bwana, ni hasara. Kwa mwenyewe, ni mtu huru. Neno lilipohamia jeshini, na baadaye shuleni tunakozungumzia utoro wa wanafunzi, lilihama na mtazamo wake. Bado linatuambia nani anadaiwa, wala halituambii kilichompata mtu.

5. Kimya kimoja, tafsiri mbili

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sheria za kiraia na za dini hukisoma kimya cha aliyepotea tofauti kabisa na zinavyokisoma kanuni za kijeshi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya humchukulia mtu kuwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 7 kwa wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake. Sheria ya Kiislamu ina mlango mzima juu ya mtu aliyepotea, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu muda wa kungoja kabla ya kadhi kutoa uamuzi. Katika pande zote hizo, kimya kinaelekea kwenye kifo.

Jeshini, kimya kinaelekea kwenye kosa. Katika jeshi la Marekani, kwa mfano, siku 30 za kukosekana bila ruhusa zatosha kumwandika mtu kuwa ni mtoro. Kwa raia, kimya kirefu humfanya mtu awe marehemu. Kwa askari, kimya kifupi humfanya awe mhalifu.

Matokeo yake kwa familia ni mazito. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, inaruhusiwa kumsalia maiti asiyekuwapo, nasi tunaiita sala ya ghaibu. Lakini sala hiyo huwafaa waliojulikana kuwa wamekufa. Mtoro hasaliwi, hawekewi matanga, wala hasomewi hitima, kwa kuwa kwa mujibu wa daftari yu hai mahali fulani akijificha. Mkewe hawezi kukaa eda ya mume ambaye serikali inasema hajafa. Mali yake haiwezi kurithiwa. Neno moja limezuia msiba usifanyike, na msiba usiofanyika haumaliziki.

6. Kariakoo

Sasa turudi nyumbani. Tangu Agosti 1914 hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha mjini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Afrika Mashariki ilikuwa uwanja wa vita vya Wazungu. Barabara zilikuwa chache, na ndorobo waliwaua wanyama wa mizigo. Risasi, chakula na mizinga vilibebwa kwa vichwa vya watu. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wanaokaribia au kuzidi milioni moja, na kwamba waliokufa ni takriban laki moja. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kisichofaa.

Fikirini jinsi mpagazi alivyokufa. Aliugua njiani, akabaki nyuma ya msafara, akakaa chini ya mti. Msafara haukumngoja. Jioni majina yalipoitwa, hakuitika. Mnyapara hakuwa na maiti ya kuonyesha. Na kwa kuwa wapagazi wengi kweli walitoroka, kwani walikuwa wamekamatwa kwa nguvu vijijini mwao, neno lililokuwa karibu zaidi na kalamu ya karani lilikuwa neno la utoro. Kwa namna hiyo aliyekufa na aliyekimbia waliweza kuandikwa kwa neno moja. Hakukuwa na wanakijiji wa Starinka wa kumtolea ushahidi, kwa sababu alifia mbali na watu wa lugha yake.

Baada ya vita, tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917 kwa msingi wa usawa wa wafu, haikuutekeleza msingi huo kwetu. Askari weupe walipewa makaburi yenye majina. Waafrika walitengewa sanamu za pamoja, na makaburi makubwa ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, na mwenzake ya Nairobi, zina maandishi ya Kiswahili yanayowaahidi waliokufa kwamba majina yao yatakumbukwa na wana wao. Msomaji akitafuta jina hata moja juu ya sanamu hizo halipati.

Mwezi Aprili 2021 tume hiyo ilichapisha ripoti iliyokiri jambo hili na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Lugha ya Kiswahili ilikuwa imewakumbuka mapema zaidi, ingawa bila kujua. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Kila anayekwenda sokoni hulitaja jina la kikosi hicho. Majina ya watu wake ndiyo yaliyokosekana.

7. Tahadhari moja

Kuna hoja inayoweza kutolewa dhidi ya maelezo haya. Jeshi haliwezi kuendeshwa bila istilahi ya utoro, na si kila aliyeandikwa mtoro alionewa. Hoja hii ni ya kweli. Lakini inatupasa tuangalie namna tunavyosafisha majina. Tukisema "huyu astahili heshima kwa sababu hakuwa mtoro", tumekubali kwamba aliyetoroka kweli hastahili. Je, kijana aliyekamatwa kijijini kwake, akafungwa kamba na kubebeshwa mzigo wa vita isiyomhusu, akakimbia usiku akafia njiani akielekea kwao, alimkosea nani? Huyo yu karibu zaidi na mtoro wa Fuladoyo kuliko na msaliti. Mifupa yake nayo yadai kuzikwa. Kwa hiyo haki ya kuwa na jina na kaburi isitegemee hukumu juu ya nia.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba "mtoro" ni dai juu ya nia linalojifanya kuwa ni habari juu ya mahali. Katika kisa cha Kachalov dai hilo lilivunjwa na kaburi. Katika visa vya wapagazi wetu, mvua na miaka zaidi ya 100 imefanya uwezekano wa kuipata mifupa kuwa mdogo mno. Panapokosekana mfupa, ushahidi uliobaki ni wa maneno, na hapo ndipo wajibu wa fani yetu unapoanza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, watunzi wa kamusi waonyeshe katika kidahizo cha "mtoro" historia ya neno hilo, ikiwa ni pamoja na utumwa, ili mtumiaji ajue anatumia neno la nani. Pili, watafsiri wa nyaraka za vita watenganishe kwa makini aliyetoroka, aliyepotea na asiyejulikana aliko, na pasipo na ushahidi watumie tamko hili la tatu. Tatu, wanafunzi wetu wakusanye katika familia zao majina ya mababu waliokwenda Keya au Kariakoo wasirudi, pamoja na maneno ambayo familia hizo hutumia kuwaelezea. Neno lililotumiwa nyumbani kwa miaka 100, liwe "alipotea", "alikwenda vitani" au "hakurudi", ni data ya isimu, na huenda likawa ndilo ushahidi pekee uliobaki dhidi ya daftari la karani.

Marehemu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyerehemewa. Kumhamisha mtu kutoka safu ya watoro na kumwandika katika safu ya marehemu hakumrudishii uhai. Kunawaruhusu waliobaki kumsalia, kumlilia na kumrithi. Hilo ni jambo ambalo lugha ina uwezo wa kulifanya hata pale ambapo ardhi imekataa kutoa ushahidi wake.